Urojo tuliokula Forodhani na urojo tuliopika nyumbani: tunakosea wapi?

Mke wa Tabata ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na kwa wakubwa zangu nasema shikamooni.

Mimi na mume wangu tuna miaka 3 ya ndoa na tunaishi Dar es Salaam. Tangu tulipooana tumejiwekea desturi kwamba kila mwisho wa mwezi, mfuko ukiruhusu, tunatoka kwenda kula chakula ambacho hakuna kati yetu aliyekua nacho, na Jumapili inayofuata tunajaribu kukipika wenyewe. Yeye ni mtu wa Kilimanjaro aliyelelewa kwa mtori na machalari, mimi ni wa Iringa, kwa hiyo mambo ya nazi, ukwaju na bizari sote wawili tumeyakuta ukubwani. Biriani ilitushinda mara mbili, ikakubali mara ya tatu. Kuku wa kupaka alitoka vizuri siku ya kwanza tu, jambo ambalo nadhani ndilo lililotutia kiburi.

Mwezi uliopita tulivuka kwenda Unguja kwa boti, na jioni tukakaa kwenye bustani ya Forodhani, kando ya bahari. Kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kula mishkaki, tuliagiza bakuli moja tu la urojo, yaani ule mchuzi wa manjano wenye uchachu unaomiminwa juu ya mbatata, kachori na bajia, tugawane. Nilianza mimi nikala kama nusu yake, huku mwenzangu akiwatazama vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani. Kisha akalipokea bakuli na kulimaliza, akaliinamisha mpaka tone la mwisho.

Ubishi ulianza tuliporudi nyumbani. Mimi nakumbuka mchuzi mwepesi, wenye uchachu unaokaza mashavu. Yeye anashikilia kuwa ulikuwa mzito na uliganda kwenye kijiko. Kwa kuwa siku hiyo mwiko ulikuwa mkononi mwake, tulifuata kumbukumbu yake: lita 2 za maji, vikombe 2 vya unga wa ngano, embe mbichi 3 na vijiko 2 vya chai vya manjano. Unga aliumwaga mkavu ndani ya maji yanayochemka, ukafanya madonge, na ulipopoa kidogo mwiko ulisimama wenyewe katikati ya sufuria. Tulipoonja tukakuta uchachu umezidi. Hapo mume wangu akakumbuka kuwa magadi hulainisha maharage, akaona bila shaka yatalainisha na uchachu pia. Akatia kijiko cha kwanza, cha pili, na cha tatu. Povu lilipanda likamwagika juu ya jiko, na lilipotulia, mchuzi wetu wa manjano ulikuwa na rangi ya matofali na ladha ya sabuni ya mche. Bajia nazo zilisambaratika ndani ya mafuta kabla hazijashika rangi.

Tuliwahi pia kula urojo katika mgahawa mmoja hapa mjini, lakini ule ulinuka unga mbichi, kwa hiyo hauwezi kuwa kipimo. Naombeni mnisaidie: je, mchuzi wenyewe ni mwepesi au mzito, na ile rangi ilitoka wapi?

---

Bi Kikwajuni amejibu:

Marahaba mwanangu, na mumeo mfikishie salamu zangu. Nimeyasoma maelezo yako mara mbili, na naona jibu umeliandika mwenyewe bila ya kujua: wewe ulilianza bakuli, yeye akalimaliza. Nyote wawili mmesema kweli, ila kila mmoja alikula urojo wake.

Muangalie muuzaji anavyopanga. Chini ya bakuli huweka mbatata zilizochemshwa na kukatwa vipande, juu yake kachori moja ambayo huibonyeza kwa mgongo wa kijiko ipasuke, kisha bajia za dengu, pengine na yai la kuchemsha au mishkaki iliyotolewa kijitini, halafu ndipo anapoumimina mchuzi kwa upawa. Mwisho hunyunyiza chipsi nyembamba za muhogo, akaweka chatne ya nazi upande mmoja na pilipili upande wa pili. Mchuzi ule unapomiminwa ni mwepesi kabisa, kama alivyouonja mke. Lakini kachori ni mbatata iliyopondwa na bajia ni dengu iliyosagwa, na vyote hivyo, kila vikikaa na kila kijiko kikipita, huachia unga wake ndani ya mchuzi, na chatne ya nazi nayo huyeyukia humo humo. Anayekula nusu ya pili, hasa kama alikuwa akiangalia watu wanaopiga mbizi, hukuta kitu kizito. Mumeo alitaka kuanzia pale ambapo bakuli huishia, na ndiyo maana akapika gundi ya kubandikia tiara.

Kwa lita 2 za maji mimi hutumia vijiko 6 vya kulia vya unga wa ngano, si zaidi, na wapo wanaochanganya na unga wa dengu kidogo ili kupata ladha. Unga haumwagwi mkavu hata siku moja. Unaukoroga kwanza kwa maji ya baridi kwenye kikombe mpaka uwe kama maziwa, ndipo unaumimina kidogo kidogo kwenye maji ya moto yaliyokwisha tiwa chumvi na manjano, huku mkono wa pili haukomi kukoroga. Manjano kijiko kimoja cha chai kinatosha, kwani yakizidi huleta uchungu. Baada ya hapo uache uchemke kwa moto mdogo kiasi cha dakika 15, maana ule unga mbichi mlioukuta kwenye mgahawa ni dalili ya mpishi mwenye haraka.

Embe mbichi zichemshe peke yake pamoja na mbatata moja, uziponde, uzichuje, kisha utie kidogo kidogo na kuonja, na hiyo iwe ndiyo kazi ya mwisho. Ukizitupa zote ndani ya sufuria tangu mwanzo kama mlivyofanya, huwezi tena kuzitoa. Msimu wa embe ukipita tumia ukwaju au ndimu. Nami natoka Kikwajuni, mtaa ambao jina lake tu linanukia ukwaju, kwa hiyo msinibishie kwamba ukwaju huuharibu urojo. Huutia weusi kidogo, basi.

Jambo jengine, na hili ni rai yangu tu. Forodhani napapenda, nilikuwa nikienda tangu kabla ya bustani kukarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, lakini urojo ni chakula cha alasiri na cha mitaani. Mkija tena, vukeni upande wa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, baada ya sala ya alasiri, muulize watoto wa mtaa ni mlango wa nani wenye foleni.

---

Mwalimu wa Kemia amejibu:

Bi Kikwajuni amemaliza habari ya uzito; mimi niongeze suala la rangi, kwa sababu kaka yetu amefanya jikoni kwake jaribio ambalo wanafunzi wangu hulifanya maabara.

Ndani ya manjano mna kemikali inayoitwa kurkumini, ambayo hubaki ya njano inapokuwa kwenye asidi na hugeuka nyekundu ya kahawia inapokutana na besi. Embe mbichi ni asidi, magadi ni besi. Vijiko vya mwanzo vilipambana na asidi ya embe, na povu lililomwagika ni gesi ya kaboni dayoksaidi iliyotokana na mapambano hayo. Asidi ilipokwisha, magadi yaliyobaki yakawa hayana cha kupambana nacho, yakageuza rangi na kuleta ladha ya sabuni. Dada, kama umewahi kufua kanga iliyodondokewa na mchuzi wa bizari, utakumbuka kuwa mara tu unapolipaka sabuni ya mche, doa la manjano huwa jekundu ghafla, na ukilikamulia ndimu hurudi njano. Ni jambo lile lile.

Uchachu ukizidi siku nyingine, ongezeni maji na mbatata ya kuponda, au sukari chembe. Ushauri wa kutia embe mwishoni una faida nyingine pia: asidi ikichemka kwa muda mrefu pamoja na wanga huuvunja wanga huo, na mchuzi uliokuwa umeshikana vizuri huanza kuwa maji. Mpishi asiyelijua hilo huongeza unga, kisha maji, kisha unga tena, na sufuria ya watu wawili ikatosha harusi.

---

Kijana wa Mvita amejibu:

Sisi Mombasa urojo si chakula chetu cha kila siku, lakini bajia na viazi vya karai tunavijua, kwa hiyo nitajibu hapo tu.

Bajia zilizosambaratika zilikuwa na maji mengi. Dengu ikisharoweka usiku kucha, imwage kwenye chujio na uiache ikauke angalau nusu saa, kisha uisage bila kuongeza maji hata kijiko, na usiisage ikalainika kabisa. Ukiifinya kiganjani ishikane, huku vidole vikihisi chenga. Vitunguu na kotmiri vitiwe dakika ya mwisho, kwa kuwa kitunguu kikikaa na chumvi hutoa maji. Mafuta nayo yajaribiwe kwa donge dogo: likizama na kukaa chini, bado, likizama na kupanda mara moja huku likitoa mapovu, anza.

Mimi na mke wangu pia tuna mchezo kama wenu, ila tuna sharti moja: chakula cha nje hatukipiki nyumbani mpaka tuwe tumekila mara tatu, na kila mtu kwenye sahani yake. Sharti hilo lilizaliwa baada ya ugomvi uliofanana sana na wenu, uliohusu mchuzi wa ukwaju wa viazi vya karai, ambapo mmoja wetu alikuwa akichovya na mwingine akinywa.

---

Mke wa Tabata amerejea:

Shikamoo tena Bi Kikwajuni, na nawashukuru nyote. Nimemsomea mume wangu majibu yenu akiwa anakula, akacheka mpaka akapaliwa, hasa palipoandikwa gundi ya tiara.

Jumapili tumerudia. Tulitumia vijiko 6 vya unga vilivyokorogwa kwa maji ya baridi, na kwa kweli nilipoutazama mchuzi sufuriani niliingiwa na shaka, kwani ulikuwa unatiririka kwenye upawa kama chai ya maziwa. Embe hazikupatikana sokoni, tukatumia ukwaju, na Bibi umesema kweli kuhusu weusi. Tulipakua mabakuli mawili yaliyopangwa sawasawa. Mimi nikala langu papo hapo. Yeye nikamwomba akae na lake bila kulikoroga mpaka nimalize. Aliponionjesha kijiko cha bakuli lake sikuwa na la kusema: kachori ilikuwa imekwisha kuyeyuka pembeni, bajia zimevimba, na mchuzi uliotoka kwenye sufuria ile ile ulikuwa umeshika kijiko kama alivyokuwa akiapa siku zote. Alinitazama tu, hakusema neno, na huo ukimya wake ulinikera kuliko maneno.

Bajia bado hazijatukubali sana. Nne za mwanzo zilivunjika, nadhani kwa sababu sikuwa na subira ya nusu saa ya kukausha dengu. Zile zilizosagwa baadaye zilishikana vizuri. Chatne ya nazi tuliinunua tayari kwa jirani yetu mwenye asili ya Pemba, ambaye alipoona rangi ya urojo wetu aliuliza kwa upole kama ni wa ukwaju, akapokea bakuli, akalirudisha tupu.

Wiki hii hatutoki. Mume wangu ameroweka dengu nyingine tangu jana usiku, na lile fuko la magadi nimelihamishia kwenye kabati la sabuni za kufulia.