Pogona wangu mdogo amegoma kula, nifanyeje?

Gamba_Laini

Wakuu habari zenu, naomba msaada wa haraka maana sina raha kabisa. Nina pogona mdogo, yule mjusi mwenye ndevu, nimeambiwa ana kama miezi miwili hivi na ukimpima mpaka ncha ya mkia hafiki sentimita 20. Alipokuja alikuwa anakimbiza nyenje kizimba kizima mpaka unafurahi kumwangalia, sasa hivi nikimwekea anawatazama tu, nyenje anampitia mbele ya pua na yeye anageuza kichwa upande wa pili. Jana kamlamba mmoja akamtema. Majani ndio hagusi kabisa.

Taa ya joto ipo upande mmoja, tyubu ya UVB (ile taa ya mionzi kama ya jua) ipo, maji yapo, kipimajoto kile cha duara cha kubandika nimekibandika kwenye kioo pale juu na kinasoma nyuzi 38 kwa hiyo joto nadhani lipo. Chini nimetandika mchanga. Mchana anafumbafumba macho, tumboni ametoka michirizi myeusi, na choo cha mwisho kilikuwa kidogo halafu kikavu. Sasa huyu anaumwa au ndio anajiandaa kujivua gamba? Kuna mtu kaniambia hawa hulala msimu wa baridi nimwache tu ataamka mwenyewe. Nimwache kweli? Naogopa kumpoteza jamani.

MzeeWaMagamba

Pole ndugu. Hilo la kumwacha alale lifute kichwani leo leo. Wanaolala usingizi mrefu wa baridi ni wakubwa, waliopita mwaka mmoja, wana mafuta ya akiba, na mkubwa mwenye afya anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula usione tofauti kubwa. Huyu wa miezi miwili hana akiba yoyote, kila anachokula kinaenda kwenye kukua, akikaa bila chakula anapungua mbele ya macho yako. Kujivua gamba kunaweza kumpunguzia hamu kidogo, ila utaona ngozi imefifia na kuwa kama nyeupenyeupe, na bado huwa hagomi moja kwa moja.

Watu wakiona mjusi hali wanakimbilia kubadilisha chakula, mimi nakwambia anza na joto. Huyu mwili wake hautengenezi joto wenyewe, analitoa nje, na bila joto tumbo halisagi kitu. Chakula kikikaa tumboni bila kusagwa kinamletea matatizo, kwa hiyo mwili ukiwa haujapata moto anakataa mwenyewe kula. Halafu hiyo michirizi ya tumboni ni wasiwasi au ni baridi, wakiwa na baridi wanajifanya weusi ili wavute joto zaidi.

Sasa hicho kipimajoto cha kubandika kinakwambia joto la pale kilipobandikwa basi, na vingi havisomi sawasawa. Wewe unatakiwa ujue joto la juu ya gogo au jiwe pale pale anapolaza tumbo. Tafuta cha dijitali chenye waya na kichwa cha kupimia ukilaze juu ya gogo, au kile cha mfano wa bastola unaelekeza tu kinasoma. Washa taa, acha saa nzima gogo lipate moto vizuri ndio upime. Kwa mdogo kama huyo juu ya gogo iwe nyuzi 40 mpaka 43, upande wa baridi 24 mpaka 29 ili akichoka na joto awe na pa kukimbilia. Usiku zima kila kitu, ikishuka mpaka 20 hivi hana shida, na zile taa nyekundu za usiku hana kazi nazo, anaziona na zinamkosesha usingizi. Mchana taa ziwake kwa muda wa saa 12 mpaka 14.

UVB sasa. Tyubu ina muda gani? Maana inawaka inaangaza vizuri tu kumbe mionzi imeshakwisha, nyingi zinatakiwa kubadilishwa kati ya miezi 6 na 12 kutegemea mtengenezaji. Na iko wapi? Kama kati yake na mjusi kuna kioo basi ni kama haipo, kioo kinazuia karibu mionzi yote ya UVB, na wavu wenye matundu madogo nao unakata sehemu kubwa. Iweke upande ule ule wa joto ili akiota moto apate vyote kwa pamoja. Bila UVB hatengenezi vitamini D3, bila D3 hiyo kalsiamu unayompa inapita tu haingii kwenye mifupa, na mdogo anayekua haraka ndiye anayeumia wa kwanza. Kukosa hamu ni moja ya dalili za mwanzo za mifupa kulainika. Mwangalie vidole na miguu kama vinatetemeka, na taya kama linabonyea au limevimba, ukiona hivyo hiyo ni safari ya daktari, usingoje.

Mchanga utoe. Weka tishu za jikoni, zinabadilishika haraka na utaona choo vizuri, halafu mdogo akikosea shabaha anameza mchanga na unaweza kumziba utumbo. Mwisho tafuta mizani ya jikoni inayosoma gramu, mpime asubuhi kabla hajala, andika. Macho yanadanganya, mizani haidanganyi. Wa umri huo anatakiwa kuongezeka kila wiki, akisimama ni tatizo, akishuka ni daktari.

dada_nyenje

Naunga mkono joto kwanza. Mimi niongeze ya kwenye chakula chenyewe maana nimelea wengi wadogo na naona watu wanawalisha muda usiofaa. Usimpe kitu taa ikiwa ndio kwanza imewaka, mwache aote moto kama saa moja au mbili, ndio umpe. Na mlo wa mwisho uwe angalau saa mbili kabla hujazima taa, asilale na tumbo limejaa wakati joto linashuka.

Nyenje wako wakubwa kiasi gani? Mdudu asizidi upana wa nafasi kati ya macho mawili ya mjusi. Mdudu mkubwa anamtisha na kusagika kwake ni shida, na mdogo aliyewahi kupata taabu na mmoja mkubwa anaweza kuanza kuwaogopa wote. Mpe mara mbili au tatu kwa siku, kila mara dakika 10 mpaka 15 ale anavyotaka, zinapokwisha toa wote waliobaki. Hii ya kuwatoa watu wanaidharau, nyenje wakibaki usiku wanamng'ata akiwa amelala, wanamtafuna vidole na pembeni mwa macho, asubuhi akiwaona hana hamu nao tena, anawakimbia. Huo mtindo wako wa kumwachia nyenje wanampitia puani uache kabisa, kama hataki watoe ujaribu baadaye.

Halafu naomba kuuliza, yuko peke yake? Wawili wakiwekwa pamoja utaona wamepandiana mgongoni watu wanasema wanapendana, kumbe wa juu anachukua joto lote na wa chini ananyimwa taa na chakula, anadhoofika taratibu, na wadogo hukatana mikia na vidole. Kila mmoja na kizimba chake.

Kama ni mgeni hapo kwako mpe utulivu. Kuhama kunawatoa kwenye kula wiki moja mpaka mbili, wengine hula siku za mwanzo halafu ndio wanapungua. Usimshikeshike, funika kioo pande tatu kwa karatasi maana wakiona kivuli chao kwenye kioo wanadhani kuna dume lingine, wanavimba ndevu zinakuwa nyeusi na kula wanasahau.

Mbadilishie wadudu pia, jaribu mende wa Dubia wadogo au funza wa nzi chuma, wa nzi chuma wana kalsiamu nyingi kuliko wengi na wanavyojinyonganyonga vile wanamvutia, hawa wanawinda kwa kuona kitu kinatembea. Funza wa nta usimzoeshe, ni mafuta matupu na akishauonja ule utamu nyenje hataki tena. Wadudu wenyewe walishe vizuri siku moja kabla, unga wa kalsiamu wapake kwenye mlo mmoja kila siku. Wa kuokota nje hapana, hujui wamekula sumu gani ya shambani, na kimulimuli hata mmoja anaweza kumuua, hilo sio la kujaribu. Majani yasikuumize kichwa, wa umri huu chakula chake kikubwa ni wadudu, majani atayazoea akikua, wewe kila asubuhi katakata madogo madogo uweke ajue yapo.

bwana_kizimba

Mimi ningekuwa wewe nisingesubiri, ningesaga wadudu nikaweka kwenye sirinji nikamlisha kwa nguvu, mdogo hafai kukaa na njaa.

MzeeWaMagamba

@bwana_kizimba nakuelewa unaongea kwa huruma, ila hapo hapana mkuu. Mjusi mwenye baridi na aliyekauka maji ukimjaza chakula unazidi kumwumiza, utumbo umelala. Utaratibu ni joto, halafu maji, halafu chakula. Na mdogo hivyo ukimfungua mdomo kwa nguvu unaweza kumvunja taya, hasa kama mifupa imeshaanza kulainika, au ukampeleka chakula kwenye njia ya hewa. Kama itafikia huko afanye daktari au amwelekeze kwa vitendo.

Maji mpe hivi, dondosha tone moja moja kwenye ncha ya pua, atalamba mwenyewe. Wengi wadogo hata hawayaoni maji ya kwenye bakuli. Pia muogeshe maji ya uvuguvugu yasiyozidi usawa wa mabega, dakika 10 hivi na wewe hapo hapo usiondoke, mara nyingi inamsaidia na choo.

Gamba_Laini

Asanteni sana wakuu, mmenipa mwanga. Yuko peke yake. Nimepata kipimajoto cha waya, juu ya gogo kumesoma 33 wakati kile cha kwenye kioo bado kinasema 38. Nimeinua gogo likakaribia taa, nikangoja, sasa hivi juu ya gogo inacheza 41. Tyubu ilikuwa juu ya wavu nimeishusha ndani kwa umbali ulioandikwa kwenye boksi lake. Mchanga nimetoa.

Kapanda juu ya gogo kajilaza kajitanua bapa kama chapati, baadaye kidogo akaachama mdomo wazi, nikaogopa nikidhani joto limezidi. Ila aliposhuka nikampa nyenje wadogo kabisa kala kadhaa, kawafukuza mwenyewe! Kitu kinachonisumbua, baada ya kuoga kapata choo laini sana na kinanuka vibaya mno, sio harufu ya kawaida. Nina dawa ya minyoo ya paka hapa, nimpe kidogo?

dada_nyenje

Afadhali kala, nimefurahi sana. Kuachama mdomo akiwa juu ya gogo ni kawaida, anatoa joto lililozidi, ili mradi anaweza kushuka upande wa baridi akitaka. Akiachama akiwa upande wa baridi au anapumua kwa sauti na mate yanamtoka, hiyo ni kifua, peleka.

Dawa ya paka tafadhali usimpe. Dozi ya huyu inapigwa kwa gramu zake, tone moja tu linaweza kuwa sumu, na pia hujui unatibu nini. Choo laini chenye harufu kali kwa wadogo mara nyingi ni koksidia, vijidudu vidogo sana vya utumboni, na koksidia sio minyoo, dawa ya minyoo haiigusi. Inawezekana pia ni minyoo, au ni tumbo tu linaanza kazi baada ya kukaa na baridi. Ni kipimo cha choo kitakachosema, na daktari awe anayejua reptilia, mpigie simu kwanza uulize kabla hujaenda. Kwa wadogo kuna na virusi, adenovirasi, wanadumaa na hawana hamu hata kila kitu kikiwa sawa, hivyo navyo vina kipimo chake, mwulize kama uzito utagoma kupanda.

Choo kichukue kikiwa kibichi, weka kwenye kikopo kisafi chenye kifuniko, hifadhi kwenye friji usigandishe, kifike siku hiyo hiyo. Kabla ya majibu kila akijisaidia badilisha tishu zote palepale na uoshe gogo na bakuli kwa maji ya moto sana, maana koksidia anaimeza tena kutoka kwenye choo chake mwenyewe, na mikono nawa kwa sabuni kila ukimgusa. Wakati huo huo endelea kumpima uzito. Macho yakididimia, akilegea, akiburuta miguu ya nyuma, au tumbo limejaa na choo hakitoki, usingoje majibu, mpeleke saa hiyo hiyo.