Mjadala: Mwanasaikolojia anatafuta nini kwenye chumba cha mateso?

Wakuu, hoja yangu ni hii: mahabusu anapohojiwa kwa nguvu, mwanasaikolojia aliyemo humo anamlinda mahabusu au anawasaidia wanaomtesa?

Mwaka 2005 jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambalo wajumbe wake wengi walikuwa na uhusiano na jeshi, lilisema anaruhusiwa kuwamo, ahakikishe mahojiano ni salama na halali. Salama! Agosti 2002 Abu Zubaydah, mtuhumiwa wa ugaidi aliyefichwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kwenye gereza la siri, alikuwa anafungwa kwenye ubao na kumwagiwa maji usoni hadi anakaribia kuzama. Mara 83. Akakaa saa 266 ndani ya sanduku la ukubwa wa jeneza, na saa 29 ndani ya jingine lenye upana wa sentimita 53 na kimo cha 76. Hebu jikunje chini ya meza ya kulia chakula, kisha kumbuka kwamba meza haina kuta. Waliobuni mbinu hizo, James Mitchell na Bruce Jessen, ni wanasaikolojia. Kampuni yao ililipwa dola milioni 81.

— Mkuu, hao ni wawili, usiwabebeshe wote. Mwaka huohuo wa 2002 Michael Gelles, mwanasaikolojia wa upelelezi wa Jeshi la Majini, ndiye aliyepiga kelele kuhusu mahabusu wanavyohojiwa Guantánamo, gereza la kijeshi la Marekani kule Cuba, na malalamiko yakafika juu. Ukiwatoa watu kama yeye, nani atasema?

— Hapo kwa Gelles umenibana, sikatai. Ila tazama upande wa pili. Wanasheria wa serikali walipoandika waraka wa kuruhusu mbinu zile, Agosti 2002, waliegemea maelezo ya wanasaikolojia kwamba mtu hataumia akili kwa muda mrefu. Kwa hiyo, kisheria, si mateso. Yaani taaluma ndiyo iliyotia muhuri. Bila muhuri ule, sijui wangeandika nini.

Na usidhani marufuku ya 2015 ya chama kilekile cha wanasaikolojia, iliyopita kwa kura 157 dhidi ya 1, iliwafungia mlango wote. Kuhoji ndiko kulikokatazwa. Anayetibu askari yumo bado, na anayefanya kazi kwa niaba ya mahabusu mwenyewe au shirika huru la haki za binadamu pia. Huyo naye ana macho, na mdomo anao.