VA siyo wati! Wauza UPS mmetuchezea vya kutosha

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Jana usiku kazi ya siku nzima imeyeyuka, na UPS (kile kiboksi chenye betri cha kuishikilia kompyuta umeme ukikatika) ipo chini ya meza, mpya, haijamaliza hata mwezi. Umeme ulivyokatika ikalia "tik", halafu mlio mmoja mrefu, kisha giza. Monita giza, kompyuta giza. Hata mausi sikuwahi kuigusa.

Nikaigeuza. Mbele ya boksi wameandika 650VA (volti-ampea, yaani volti mara ampea), kubwa kama bango la uchaguzi. Nyuma ya mashine yenyewe, kwenye stika iliyobandikwa karibu na tundu la waya, kwa maandishi ya kusoma kwa tochi: 360W. Kompyuta yangu ikichakata video, pamoja na monita, inavuta kama wati 420. Nimeipima kwenye soketi. Yaani nimemtwisha mtoto gunia la saruji, halafu nashangaa kaanguka.

Siku ya kununua nilimuuliza muuzaji swali moja tu: itabeba? Akajibu bila kupepesa macho, "Bosi, hiyo inabeba mpaka kompyuta mbili." Hakuuliza ni kompyuta gani, hakuuliza ina kadi ya grafiksi au haina.

Sasa sikilizeni. Hizi UPS ndogo za mezani, chukua VA zidisha kwa 0.6 hivi, ndiyo upate wati inazobeba kweli. Za maana zinafika 0.9, nyingine 1 kamili. Hesabu ya darasa la saba, ila mbele ya boksi huikuti.

Na huo muda wanaojisifia! "Hadi dakika 30." Kwa mzigo gani, ruta? Ndani ya yangu kuna betri moja ya volti 12, 7Ah (ampea-saa 7), zidisha, yaani wati-saa 84 kwenye makaratasi. Ukiikamua wati 300, hesabu inakupa kama dakika 17. Lakini betri ya madini ya risasi kama hii ikikamuliwa kwa kasi hiyo haitoi hata nusu ya ilichoandikiwa, na inveta, ile sehemu inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nayo inakula chake. Ukipata dakika tano shukuru. Ni za kuseivu na kuzima, siyo za kuendelea na kazi.

Kuna jamaa yangu wati zake zilitosha kabisa na bado kompyuta ilikuwa inazima kila umeme ukikatika. Kumbe UPS nyingi za bei ya chini zikihamia kwenye betri zinatoa umeme wa wimbi la ngazi ngazi, siyo laini kama wa ukutani, na baadhi ya paua sapulai (kile kiboksi kinachopokea umeme ndani ya kompyuta) za kisasa hazielewani nao. Ulizeni hilo kabla hamjatoa pesa.

Halafu huyohuyo muuzaji alinishauri nichomeke na printa humohumo. Printa ya leza! Kitu kinachochemsha rola kwa mamia ya wati kila kikichapa. Sijui alikuwa ananitania.

Leo asubuhi nimeirudisha. Kaigeuza, kasoma ile stika ya nyuma, kanitazama: "Bosi, hii ni ya wati 360, wewe umeizidishia mzigo. Waranti haihusiki hapo."

Kumbe wati anazijua!