Chai imemwagikia daftari la mashairi la mume wangu: naliokoaje, na nimwambie lini?

MkeWaMalenga

Habari zenu wakuu. Kikombe kizima cha chai ya maziwa yenye sukari, kama mililita 250, kimemwagikia daftari ambalo mume wangu huandikia mashairi. Imepita kama saa moja. Daftari ni la kurasa 96, jalada laini, limebanwa katikati kwa pini mbili. Kurasa za mwanzo zimelowa chapachapa, za mwisho zimelowa pembeni tu. Ameandika kwa peni za aina mbalimbali, na kwenye baadhi ya beti wino umeanza kutambaa. Nakala hana.

Anarudi kesho jioni. Nina maswali mawili. Nalikaushaje bila kuliharibu zaidi? Na je, nimpigie simu sasa, au nisubiri likauke nione kilichopona?

FundiJalada

Pole dada. Usilifunge na usilikandamize. Chai tupu ingeacha doa basi, lakini hiyo ina sukari na maziwa. Sukari ikikaukia kati ya kurasa zilizolala pamoja huwa gundi, na kesho utakuwa na kipande kimoja kigumu kama ubao. Mafuta na protini za maziwa ndizo huleta harufu na kulisha ukungu. Hesabu saa 48 tangu chai ilipomwagika. Baada ya hapo ukungu unaweza kuanza, hasa chumba kikiwa na joto na unyevu.

Kwanza nyonya unyevu wa juu. Weka tishu za jikoni au kitambaa cheupe cha pamba juu ya ukurasa, gandamiza kwa kiganja, inua. Usifute. Kufuta husogeza wino na kuchubua nyuzi za karatasi, na karatasi iliyolowa haina nguvu hata ya kubeba uzito wake yenyewe.

Kisha pima wino, kwa sababu wino ndio utakaoamua hatua inayofuata. Chukua kijiti cha pamba chenye maji safi kidogo, gusa nukta au herufi isiyo na maana, kisha kandamiza tishu hapo kwa sekunde 10. Rangi ikihamia kwenye tishu, wino huo hauoshwi. Peni ya kawaida ina wino wa mafuta na mara nyingi hustahimili maji. Penseli haina neno. Wino wa kujaza kwenye kalamu hukimbia upesi. Peni za jeli ni za kupima moja moja: zenye chembe za rangi hushika zikishakauka, zenye rangi iliyoyeyushwa hutiririka.

Kurasa zilizopita kipimo zioshe kabla hazijakauka. Weka maji baridi safi kwenye sinia pana, laza karatasi juu ya kipande cha plastiki ili plastiki ndiyo ibebe uzito, ichovye kwa dakika 2 au 3, itoe pamoja na plastiki yake, badilisha maji, rudia mara moja. Sabuni usitie. Dawa ya kung'arisha nguo ndiyo kabisa usiiguse, inakula karatasi na wino pamoja. Kurasa zilizoshindwa kipimo ziishie kwenye kunyonywa tu. Doa litabaki, na doa halizuii kusoma.

Pini zitoe leo. Zinashika kutu ndani ya siku chache, na kutu haitoki. Fungua katikati ya daftari, ingiza kadi nyembamba chini ya miguu ya pini ili usikwaruze karatasi, inua miguu kwa kisu butu, sukuma pini itokee nyuma. Sasa una karatasi 24 zilizokunjwa, ambazo unaweza kuzitenganisha kwa mafungu ya nne nne. Usiogope kupoteza mpangilio. Kwenye daftari la kurasa 96 lililobanwa katikati, kurasa mbili zilizo upande mmoja wa karatasi hujumlisha 97: 1 na 96, 2 na 95, hivyo hivyo mpaka 48 na 49.

Mwepesi_wa_Jibu

Draya ya nywele, dakika 20, mchezo umeisha. Au pasi ya moto juu ya taulo.

FundiJalada

Mkuu, mchezo ukiisha hivyo ni daftari ndilo limeshindwa. Joto hukausha uso wa karatasi kabla ya ndani, karatasi inajikunja na kupata mawimbi yasiyonyooka tena. Hupikia maziwa kwenye nyuzi, doa linakuwa la kudumu. Pasi huhamisha wino wa peni kutoka ukurasa huu kwenda wa jirani. Jua kali nalo lina ubaya wake, linafifisha rangi. Maikrowevu ni hatari zaidi, pini zinatoa cheche na karatasi inaungua kuanzia katikati, usipoona.

Kinachokausha karatasi ni hewa inayotembea, joto si lazima. Funga kamba tatu nyembamba za nailoni zikiwa sambamba, zitenganishwe sentimita 2 au 3, utundike kila fungu kwenye mkunjo wake kama nguo. Kamba moja tu hukata karatasi iliyolowa. Washa feni, lakini ielekeze ukutani ili upepo uzunguke chumbani. Ukiielekeza kwenye kurasa, zitapigwapigwa mpaka zichanike. Kama huna pa kutundika, laza mafungu juu ya taulo na kuweka tishu kati ya kila karatasi, ukibadilisha kila saa moja mwanzoni, halafu kila saa tatu. Tishu zisizidi theluthi moja ya unene wa fungu, la sivyo mkunjo utapasuka.

Kupima kama imekauka: gusisha karatasi shavuni. Ikikupa ubaridi, bado ina maji. Ikishapoteza ubaridi, ndipo uiweke kati ya karatasi safi, juu yake ubao na uzito wa kilo 5 hivi, siku tano hadi saba. Ukiiweka mapema kwenye uzito unafuga ukungu.

MkeWaMalenga

Asante sana fundi. Nimepima. Peni ya bluu imesimama, nyeusi ya jeli inahama. Nyeusi ndiyo ipo kwenye kurasa kama 30. Kuhusu kumwambia bado sijajibiwa. Nilifikiri nikaushe, ninunue daftari jipya, ninakili kwa mkono yanayosomeka, ndipo nimpe yote mawili.

Nyota_ya_Jioni

Mpigie sasa hivi dada, na sababu ya kwanza si hata ya ndoa. Una saa 48, na kuna mambo anayoyajua yeye tu: mashairi gani yapo kwa rafiki, kwenye simu au kichwani, na yapi hayapo popote ila hapo. Kurasa 30 za wino unaokimbia huwezi kuzishughulikia zote kwa usawa leo. Akikwambia ukurasa wa 12 na 40 ndio roho ya daftari, unaanza na hizo. Ukingoja mpaka kesho jioni umetumia zaidi ya nusu ya muda kuokoa kwa kubahatisha.

Namna ya kusema: tangulia na jambo lenyewe, sababu zije baadaye. "Nimemwaga chai kwenye daftari lako la mashairi saa fulani. Kurasa za mwanzo zimelowa, wino mweusi unahama, wa bluu uko salama. Nimeshatoa pini na ninazitundika. Niambie nianze na zipi." Hapo umetaja kosa, ukubwa wake, ulichofanya na unachohitaji. Maneno mawili usiyatamke: "ni daftari tu" na "utaandika mengine". Kwa mtu anayetunga, shairi la jana haliandikwi tena, linaandikwa lingine. Na usianze kumwelezea nani aliacha daftari mezani. Labda ni kweli, lakini si leo.

Akinyamaza kwenye simu, mwache anyamaze. Kimya cha dakika mbili si ugomvi.

Mpango wa kunakili na kumshangaza una kasoro kubwa. Mkono wako ukijaza neno lililofutika kwa neno unalodhani, atakuja kusoma shairi lenye viraka asivyovijua. Huo ni uharibifu wa pili, na huo haukaushwi kwa feni. Nakili ukitaka, ila palipofutika acha nukta na uandike pembeni kwa penseli unachodhani.

Kina_na_Mizani

Naongezea hapo kwa Nyota, maana mashairi yetu yana bahati ambayo barua na shajara hazina. Kama ni mashairi ya arudhi, yaani yenye vina na mizani, umbo lenyewe linakusaidia kuhesabu kilichopotea.

Tarbia ina mishororo minne kila ubeti, kwa kawaida mizani 16 kwa mshororo, nane kipande cha kwanza na nane cha pili. Chukua mfano wa kubuni: "Kalamu nimeishika, ........ wa moyoni." Kipande cha kwanza kimetimia nane. Cha pili kinaonekana "wa moyoni", mizani nne, basi zilizofutika ni nne. Kukiwa na mabaki yanayofanana na "mbe" mwishoni, "ni ujumbe" inaingia sawasawa, na "ujumbe" peke yake inapungukiwa moja. Vina navyo ni shahidi: mishororo ya jirani ikiishia "-ka" katikati na "-ni" mwishoni, nusu ya silabi iliyobaki inatosha. Angalia pia kama kuna kibwagizo. Mshororo unaorudiwa kila ubeti ukifutika kwenye ubeti wa pili, uko mzima kwenye wa tano. Kwenye utenzi, vipande ni vya mizani nane na kina cha mwisho wa ubeti hakibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo hapo hata usihangaike.

Ila mizani inakwambia silabi ngapi zimepotea, haikwambii ni zipi. Maneno ya mizani nne yamejaa tele. Andika idadi kwenye pengo, kwa mfano (4, -ni), na umwachie mwenyewe. Mtunzi akiona idadi na kina, neno lenyewe mara nyingi humrudia. Mashairi huru hayana msaada huu, hayo yapigie picha kwanza.

Picha_Kali

Kwenye picha ndipo mnapopoteza mengi bila sababu. Piga picha mara mbili: sasa zikiwa mbichi, kabla wino haujahama zaidi, na tena zikikauka. Simu iwe sambamba na karatasi, mwanga wa dirishani, bila flashi, kwa sababu maji yanaakisi flashi na kuacha doa jeupe katikati ya ubeti.

Doa la chai ni la kahawia, na kahawia hurudisha mwanga mwekundu kwa wingi. Fungua picha kwenye programu yoyote ya kuhariri inayotenganisha rangi, uangalie chaneli nyekundu peke yake. Doa linakaribia kutoweka, wino wa bluu unabaki umekolea, mweusi pia. Kama kuna maneno aliyosahihisha kwa wino mwekundu, hayo yatapotea hapo pamoja na doa, yatafute kwenye chaneli ya kijani.

Palipofutika kabisa, jaribu mwanga wa ubavuni karatasi ikishakauka lakini kabla hujaiweka kwenye uzito. Zima taa, laza tochi karibu na meza kiasi cha nyuzi 15, piga picha. Peni ya kawaida huchimba mfereji kwenye karatasi na mfereji hubaki hata rangi ikiondoka. Geuza karatasi uangalie na nyuma, mara nyingine nyuma panasomeka vizuri zaidi, japo kinyumenyume. Jeli haichimbi sana kwa kuwa haihitaji kukandamizwa, basi kwa hizo kurasa 30 usitegemee mengi.

FundiJalada

Kwa hizo 30 za jeli, kama mume atasema zote ni muhimu na mikono yako haitoshi, tumia friza. Weka karatasi ya nta kati ya mafungu, yaingize kwenye mfuko wa plastiki, yalale bapa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Barafu inasimamisha wino ulipofika na ukungu hauwezi kuanza. Mwaka 1972, mafuriko yalipoingia kwenye maktaba ya Corning Museum of Glass huko Marekani, vitabu vilivyolowa viligandishwa vivyo hivyo ili mafundi wapate muda. Ukiwa tayari, toa fungu moja moja, liache liyeyuke ndani ya mfuko wake, kisha litundike.

Kushona upya ni kazi ya nusu saa. Panga karatasi, toboa matundu matatu kwenye mkunjo: katikati, na moja kila upande sentimita 3 kutoka ukingoni. Uzi uwe mara tatu ya urefu wa mgongo. Anza ndani, toka kwa tundu la katikati, ingia la juu, pita ndani moja kwa moja mpaka la chini bila kugusa la katikati, toka, rudi ndani kwa la katikati. Ncha mbili za uzi zikae kulia na kushoto kwa ule uzi mrefu, funga fundo juu yake. Vuta kufuata mkunjo. Ukivuta kwenda juu unapasua karatasi.

MkeWaMalenga

Nimempigia. Amenyamaza kama mlivyosema, halafu ametaja ukurasa wa 7, 8 na 31, na kusema 8 alishauandika kwenye simu. Kwa hiyo 7 na 31 ndizo zinazoanza kutundikwa. Swali dogo: 7 iko kwenye karatasi moja na 90, na 90 ni ya wino wa bluu. Naosha au siyoshi?

FundiJalada

Usioshe. Wino dhaifu ndio unaoamua kwa karatasi nzima. Nyonya pande zote mbili, na ule upande wa 90 pekee upitishie sponji iliyokamuliwa vizuri, ukianzia ukingoni na kuishia sentimita 2 kabla ya mkunjo.