Ulinganisho: kufufua altaneta za malori au mota za mashine za kusaga, hapa Mbeya?

Fundi_Mwanjelwa: Wanajukwaa, habari za leo. Nina karakana ndogo ya umeme wa magari, nami nimechoka kusubiri kazi ziletwe moja moja. Nakusudia kufufua vifaa kabla mteja hajavihitaji, nivipange rafuni, kisha nivitoe kwa kubadilishana: mteja anaacha kibovu, anaondoka na kizima. Mtaji unatosha njia moja tu. Je, nishike altaneta (zinazozalisha umeme wa gari) na stata (zinazowasha injini) za malori, au mota za mashine za kusaga na kukoboa?

Msuka_Mota (Makambako): Kaka, mota nimezisuka waya upya miaka mingi. Wengi wetu huchoma koili iliyoungua kwa moto wa kuni ili waya utoke kwa urahisi, na joto likizidi huharibu utandu unaotenganisha bati za chuma zilizomo ndani. Mota itazunguka, ila itapata moto na kula umeme kuliko awali. Tanuri la kudhibiti joto ni ghali. Isitoshe, mwenye mashine ya hospawa 20 hatachukua mota ya 10, hivyo fedha yako italala rafuni.

Dereva_Tunduma: Altaneta ikigoma pale Igawa usiku, tajiri hahesabu bei ya kifaa peke yake, bali pia siku ambazo mzigo wa Zambia utakuwa umelala. Lakini toa dhamana ya maandishi. Mwaka jana fundi mmoja aliniuzia stata "iliyofufuliwa", kumbe ilipakwa rangi tu na brashi za ndani zinazopitisha umeme ni zilezile; nilikesha Makambako injini ikiunguruma, nikiogopa kuizima.

Mhasibu_Iringa: Tuseme altaneta mbovu unainunua shilingi 60,000. Ikiwa katika kila 5 moja ina kasha lililopasuka na haifai, kila moja inayofaa imekugharimu 75,000. Ongeza brashi, beringi, diodi na reguleta 90,000, kisha ujira na pango 40,000: jumla ni 205,000. Ukiuza 300,000 unabaki na 95,000, lakini ikirudi moja kati ya 10 kwa dhamana na ukatoa nyingine, toa 20,500 kwa kila moja. Hiyo 74,500 ndiyo faida ya kujadili, kabla ya kodi.

Jambo zito zaidi ni kupata hivyo vibovu. Toza amana, tuseme 80,000, anayorudishiwa mteja akileta kibovu chake. La sivyo vitaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa sababu ya shaba. Caterpillar, kampuni ya Marekani ya mashine nzito, walioanza kazi hii ya kufufua vifaa mwaka 1973, nao huwadai wateja vifaa vya zamani kwa mtindo huohuo.

Fundi_Mwanjelwa: Nashukuru sana. Basi nitaanza na altaneta za malori, aina mbili zinazopita hapa kwa wingi. Mteja akileta yenye kasha lililopasuka, nimrudishie amana yote?

Mhasibu_Iringa: Hapana, mrudishie thamani ya shaba na vipuri vilivyosalia tu, na sharti hilo liandikwe kwenye risiti kabla hajalipa.