Bismarck hana ndugu Kaloleni

*Kundi la WhatsApp: Majirani wa Kaloleni, Nairobi*

Mama Wanjiru: Habari za jioni majirani. Mwanangu wa kidato cha nne ameketi hapa anakariri. Anajua Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria, alipigwa risasi Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza. Nikamuuliza wale watu wa shaba pale Kenyatta Avenue ni akina nani. Ati "ni sanamu tu, mathe". Hizi shule zinafundisha historia ya nani?

Baba Otis: Ya mtihani 😂

Mama Wanjiru: Sicheki, Baba Otis.

Mwalimu Kioko: Wale ni askari na wapagazi wa vita hivyo hivyo, Mama Wanjiru. Waingereza wakipigana na Wajerumani huko Tanganyika, mbung'o walimaliza wanyama wa kubeba mizigo. Mzigo ukabebwa na watu. Wapagazi makumi ya maelfu walikufa, na wengi hawakufa kwa risasi, ni kuhara, malaria na njaa. Chini ya sanamu pameandikwa kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Sasa nenda ukatafute jina la mpagazi hata mmoja pale. Hakuna.

Baba Otis: Nchi yako ipi sasa?

Mwalimu Kioko: Hilo ndilo swali ningependa kuliona kwa mtihani.

Katibu: Samahani kuwakatiza. Gari la taka halitakuja kesho, msitoe mifuko nje. Endeleeni.

Brayo: Mwalimu, hii haimo kwa silabasi ama huwa mnairuka?

Mwalimu Kioko: Vita vimo. Lakini swali huja hivi: taja sababu, taja matokeo. Mtoto akitaja anapewa alama zake, amemaliza na vita.

Mama Wanjiru: Basi tuanze na yetu. Sarajevo waisome wenyewe.

Mwalimu Kioko: Hapana, mama. Bila Sarajevo huyo mpagazi utamwelezaje? Atakuwa mtu aliyekufia porini na gunia la mchele wa wengine, hakuna anayejua kwa nini.

Baba Otis: Niwaambie ukweli? Historia ya mbali inapendwa shuleni kwa sababu haina wenyewe. Bismarck, kansela wa Ujerumani, aliita mkutano wa Berlin 1884, wakakaa kuwekeana kanuni za kugawana Afrika. Mwalimu anaweza kumsema kutwa nzima na hakuna mzazi atakayekuja kulalamika. Bismarck hana ndugu Kaloleni. Sasa jaribu kufundisha 2007, zile ghasia za baada ya uchaguzi. Watoto wa kila kabila wameketi pamoja, na kuna waliozika mtu. Kabla ya saa sita simu ya mwalimu mkuu inalia.

Mama Amina: Baba Otis umegonga penyewe. Halafu hiyo "yetu" ni ipi? Nyanya yangu alizaliwa Kibra. Wazee wake walikuwa askari wa Mwingereza kutoka Sudan, wakaambiwa wakae pale. Hati ya ardhi Wanubi tuliingoja mpaka 2017. Mimi nikiwa shule tulisoma Wabantu, Waniloti na Wakushi, wametoka wapi wakapitia wapi. Wanubi sikuwapata hata kwa mstari mmoja. Kwa hivyo mkisema ya kwetu kwanza, mniambie kwetu ni kwa nani.

Mzee Ouma: Mnabishana na ukumbi uko hapo mbele yenu. Aprili 1950 Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama katika ukumbi huu wetu akadai uhuru wa Afrika Mashariki, wakati viongozi wengi walikuwa bado wanaomba viti viwili vitatu kwa baraza la mkoloni. Mwezi uliofuata akakamatwa. Kutoka ni 1961. Mzaliwa wa Punjab huyo. Sasa wekeni: ni historia ya hapa ama ya ulimwengu?

Brayo: Mzee, hapa hapa? Pale tunapofanyia matanga?

Mzee Ouma: Hapo hapo. Na nyinyi kazi yenu ni kupiga mpira ukutani.

Mama Wanjiru: Huyu wa kidato cha nne afadhali. Mdogo wake yuko gredi ya 9, anataka mkondo wa sayansi. Akiingia gredi ya 10 huenda historia kwake ikawa imekwisha.

Mwalimu Kioko: Kama muda ni mfupi hivyo, mimi ningeanza na ukumbi. Ukimfuata Singh utafika India, maana miaka ya Vita vya Pili vya Dunia alikuwa amefungwa huko na Waingereza hao hao. Utafika kwa vyama vya wafanyakazi, utafika London. Lakini kutoka Sarajevo sijaona mtoto akifika Kaloleni.

Baba Otis: Na 2007? Hujanijibu.

Mwalimu Kioko: Nilijaribu mara moja. Msichana akainuka akatoka nje. Nikarudi kwa Bismarck.

Mama Amina: 😔

Mzee Ouma: Nileteeni watoto Jumamosi saa nne ukumbini. Ya Singh nitawasimulia mimi.

Mama Wanjiru: Saa nne wako masomo ya ziada, Mzee. Saa nane?

Katibu: Saa nane ukumbi una mkutano wa chama.

Mzee Ouma: Basi saa kumi.

Baba Otis: Saa kumi nitakuja. Mzee akimaliza, ya 2007 nitayasema mimi, nilikuwa Mathare. Mzazi asiyetaka mwanawe asikie amchukue mapema.