Tupeane uzoefu: amri ya matunzo ya watoto unayo mkononi, pesa huzioni

MamaWatatu_Fuoni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mada hii ni kwa walioachika na walioacha, wake kwa waume, wenye madai ya matunzo ya watoto Unguja na Pemba. Nani alikosa kwenye ndoa tuyaache, kila mtu ana yake. Nataka tuelezane yanayotukuta baada ya kupata karatasi yenye muhuri, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapokwama na hapo hapasemwi.

Yangu ni hii. Nilipoachwa nilikwenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa wetu, akaniandikia barua ya wilayani. Baba watoto akaitwa, tukakalishwa, akakubali kwa mdomo wake mbele ya afisa kutoa shilingi 120,000 kwa mwezi kwa watoto watatu. Azilete ofisini, mie nizifuate nitie saini kwenye daftari. Miezi ya mwanzo alileta. Akaanza kuleta nusu, halafu kimya. Nikienda kuuliza naambiwa, "Mama, hajaja." Kwamba hajaja nnajua, ndilo lililonitoa nyumbani.

Na wito unajua anaupeleka nani? Mie. Naandikiwa barua ya kumwita, napewa mkononi, nende nikamtafute gari la daladala analoendesha liko wapi. Nimemkuta kituoni abiria wanapanda, nimesimama dirishani kwake na bahasha. Akaipokea, hakuifungua, akaichomeka kwenye kioo cha mbele pamoja na karatasi za bima, akatia gia. Konda wake ndiye aliyeona haya, akainamisha uso.

Nikapeleka Mahkama ya Kadhi. Sikatai, kadhi alinisikiliza vizuri na amri nikaipata. Lakini amri ikishavunjwa anayejua ni mie peke yangu. Karani kanambia wazi kwamba wao hawana njia ya kujua kama hajalipa mpaka mie nende nikalete maombi. Basi asipotoa, maombi upya, wito upya, nauli upya. Mie nauza bajia na katlesi skuli wakati wa mapumziko. Siku ya mahkama siuzi, na kunde nilizoroweka usiku zinachacha. Kudai hizo pesa kunanila pesa za madaftari ya wanangu, na yeye anajua hivyo, ndicho anachokitegemea.

Swali langu: baada ya amri, kwenu nani anaifuatilia? Kuna aliyepata ofisi iliyofuatilia bila ya yeye kusukuma?

Mkaragae_Wete

Waalaykum salaam dada yangu. Huku Pemba shida yetu ina sura yake. Mahkama inaandika "kila mwezi", na mtalaka wangu pesa zake haziji kila mwezi. Yeye ni mvuvi, na msimu wa karafuu unapofika anachuma za kwao na za kukodi. Akienda dago, kambi ya wavuvi huko visiwani, miezi haonekani. Wito unafika kwa sheha, sheha anaandika kwamba mtu huyu hayupo kwenye shehia, jalada linarudi. Akirejea na pesa mfukoni, mie sina habari mpaka nimsikie kanunua honda.

Lililoniuma kuliko yote ni la karafuu. Karafuu za nchi hii zinauzwa kwa ZSTC, shirika la Serikali, na ukipeleka zinapimwa, unaandikiwa, unalipwa. Mtaa mzima unajua fulani kapeleka ngapi. Nimekwenda pale ninapodai, kakaa mbele ya afisa kaapa hana kitu, na afisa ananiuliza mie, "Una ushahidi kwamba ana kipato?" Serikali yenyewe imemlipa wiki ile ile! Daftari la mauzo liko Chake Chake, la matunzo liko kwetu, na hakuna mtu wa kuyafungua yote mawili kwa pamoja. Natakiwa niende mie, mwanamke wa kukaanga samaki, nikapeleleze.

Kilichonisaidia si ofisi. Ami yake, mzee wa watu, alikuja kukaa barazani kwetu akasema watoto hawa ni damu yetu. Tukaacha hesabu ya mwezi. Msimu ukifika anatoa kwa mkupuo: sare, viatu, pesa ya chuo cha Kurani, na magunia ya mchele yanawekwa kwetu kabla hajatia mguu ngalawani. Ami akisimama juu yake anatoa. Lakini ami ni mtu mzima, nami nnaogopa siku Mungu akimchukua.

Paje_Upepo

Niruhusuni na mie mwanamme niseme, bila ya kutukanwa. Nnalipa. Nilipewa amri ya 150,000 wakati nafanya kazi hoteli ya pwani ya mashariki. Masika ikifika, wageni hakuna, hoteli inafungwa, sisi wa vibarua tunaambiwa mtaitwa. Mshahara umekata, amri iko pale pale. Na pesa nitakiwe nizilete ofisini mkononi, saa za kazi. Nikiwa kazini siwezi kutoka Paje nije mjini kwa saa hizo bila ya kupoteza siku. Nikituma kwa simu, mama watoto akienda ofisini anaandikwa hajapokea, kwa sababu daftari halina saini.

Nimeandikwa mtelekezaji, na meseji za kutuma pesa ninazo zote kwenye simu. Hilo linaniuma, wallahi. Na watoto nakaa hata sikukuu siwaoni.

Mkaragae_Wete

Kaka, kuwaona watoto ni haki yako, idai mahkamani. Lakini usiifunge na chakula chao. Wao hawajui sikukuu imeharibika kwa sababu ya nani.

Paje_Upepo

Sijaifunga, dada. Nimesema nalipa.

Mwalimu_wa_Chuo

Wengi wanadhani suala hili ni la serikali tu. Katika Suratu Talaq, aya ya 7, mwenye wasaa ameamrishwa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyebanwa na riziki atoe katika alichopewa. Kwa hiyo kaka wa Paje ana hoja ya kupunguziwa msimu mbaya, na yule wa karafuu hana hoja yoyote. Na Hindi binti Utba alipomshitakia Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mumewe ana mali na hampi ya kutosha, aliruhusiwa achukue katika mali ya mume kwa wema kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake.

Liko jambo la madhehebu yetu ya Shafi ambalo kina mama wengi hawaambiwi, nalo linawagharimu. Matumizi ya mke yasiyotolewa yanabaki deni kwa mume hata ikipita miaka. Ya mtoto si hivyo. Siku ikishapita imepita nayo, haigeuki deni, isipokuwa kadhi awe amekwishayaingiza kwenye amri yake. Ndiyo sababu mtu akikaa kimya miaka akisubiri baba atabadilika, halafu akenda kudai ya nyuma yote, anakuta kadhi hampi aliyoyategemea. Subira ni njema, lakini jalada lifunguliwe mapema.

Zuhra_M

Subhanallah. Hili la ya nyuma ndilo lililonikuta na sikuelezwa sababu mpaka leo. Nilihisi nimedhulumiwa nikatoka nalia mpaka kwenye gari. Ahsante sana mwalimu.

Bi_Mshahara

Dada wa Fuoni umeuliza kama kuna aliyepata amri inayofuatiliwa. Mie nimepata, na nataka watu wajue kwamba inawezekana.

Mtalaka wangu ni mwajiriwa wa Serikali. Alipokatiza kutoa mara kwa mara niliomba mahkamani pesa zikatwe kwenye mshahara wake kabla hazijamfikia. Kadhi akakubali. Kupata amri hakukuwa kazi. Kuifikisha kwenye ofisi ya mishahara ndiko kulikonitoa jasho. Barua ya kwanza ilirejeshwa kwa sababu haina namba yake ya mshahara. Ya pili ilikaa kwenye trei ya mtu aliyekuwa likizo. Kila dirisha nikifika naulizwa, "Wewe ni nani yake?" Mbele ya watu. Unajibu, mimi ni mke wake wa zamani, na wote walioko foleni wanageuka.

Lakini ilipoanza, ilianza. Mwisho wa mwezi mshahara ukiingia, changu kinaingia benki. Sijamtazama usoni kumuomba tena. Hata maneno kati yetu yamepungua, akija kuwachukua watoto tunasalimiana vizuri, kwa sababu hakuna cha kubishania mlangoni. Mtoto wangu mkubwa aliacha kujificha baba yake akija.

Ninachosema ni kwamba mashine ya kufuatilia ipo na inafanya kazi. Ipo kwa mwenye mshahara tu. Dereva, mvuvi, fundi, mwenye duka la nguo Darajani mwenye pesa kuliko karani yeyote, hao hawana pa kukatwa, na kwa hao mzigo anatwishwa mama. Kwa nini mahkama isiwe na mtu wake wa kuita, wa kuhesabu nani kalipa mwezi huu na nani hakulipa, akamfuata mwenyewe? Daftari lipo. Linahitaji mtu wa kulisoma.

Kiponda98

Wangu kapanda boti kaenda Bara, kaoa huko. Nimeambiwa mambo ya Kadhi ni ya hapa Zanzibar, Bara hakuna Mahkama ya Kadhi ya dola. Kuanzia hapo nimewaachia wenye uwezo wa kufuatilia. Nasuka ukili na ndugu zangu wananisaidia.

Abuu_Tumbe

Watu kama hawa wafungwe tu. Akilala ndani siku mbili atazitapika.

Mama_Pacha

Ami Tumbe, mie wangu alilala ndani. Nikwambie yaliyofuata.

Alikaidi amri, akaitwa, hakwenda, ikatoka hati akakamatwa. Sikuomba mimi akamatwe, niliomba alipe. Usiku ule ule mama yake alikuja kwangu, bibi wa watoto wangu, akakaa chini sakafuni akalia, ananiuliza nimemkosea nini. Asubuhi wakaja dada zake. Mchana imamu wa msikiti wetu akanipigia simu kwa upole, akisema nimsamehe. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kumuuliza yeye kwa nini hakulipa. Mtaani nikawa "yule aliyemfungisha baba watoto". Pacha wangu waliambiwa skuli, baba yenu kafungwa na mama yenu. Kwa sababu mlalamikaji jalada zima ni jina langu, mahkama ikitoa hukumu watu wanasema nimeitoa mie.

Zilitoka, kweli. Ndugu zake walichanga. Mwezi uliofuata hakutoa, na sikuwa na nguvu ya kurudi.

Ndiyo nasema lile aliloandika Bi Mshahara ndilo. Wito ukipelekwa na mahkama, deni likidaiwa na ofisi, mtu atajua kwamba anadaiwa na sheria. Hivi tulivyo anaona anadaiwa na mimi, na mimi ananijua udhaifu wangu.

Abuu_Tumbe

Nimekufahamu, mama. Pole sana. Sikuwa nimelitazama upande huo.

Msaidizi_Sheria_Kaskazini

Ni msaidizi wa sheria wa kujitolea. Haya yote tunakutana nayo mashehiani, na naongeza machache.

Makubaliano ya ofisini na amri ya mahkama havina nguvu sawa. Ya ofisini yanasimama kwa hiari ya aliyesaini. Ukiona mwezi wa kwanza umekosekana usiendelee kubembeleza, chukua karatasi hiyo ipeleke mahkamani ombe amri. Kwa Waislamu, matunzo ya mtoto yako ndani ya kazi za Mahkama ya Kadhi, kwa Sheria Namba 9 ya 2017 iliyochukua nafasi ya ile ya 1985. Ipo pia Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011, ambayo mtoto kwake ni aliye chini ya miaka 18. Mtu asikwambie mwanao wa miaka 14 amekuwa mkubwa, aache skuli akatafute. Na asiyeridhika na hukumu ya kadhi akate rufaa mapema. Kesi hizi zikianzia kwa kadhi, mwisho wake ni Mahkama Kuu ya Zanzibar, haziendi Mahkama ya Rufani.

Kaka wa Paje, hali ikibadilika usinyamaze ukalipa nusu. Nenda na barua ya hoteli inayoonesha kazi imesimama, uombe kiwango kibadilishwe kwa miezi hiyo. Na omba amri iandikwe kwamba kutuma kwa simu kunakubalika, namba ya mama iandikwe humo humo, ili ujumbe wa simu uwe ndiyo risiti.

Dada wa Wete, ulichopatana na ami kipelekeni kwa kadhi kikaandikwe vile vile kilivyo: msimu, sare, mchele. Si lazima amri iseme mwezi. Ikiandikwa, hata ami asipokuwepo, inabaki.

La wito kupelekwa na mdai mwenyewe, huwa nakwenda na mama nikiwa na nafasi, angalau asisimame peke yake. Lakini sisi ni wachache na nauli tunajitolea. Hilo si la kumaliza sisi.

MamaWatatu_Fuoni

Nimesoma yote, Mungu awalipe. Mama Pacha, umenitoa machozi. Hilo la kufungisha limekuwa likinijia kichwani na sasa nalijua vizuri.

Baba watoto wangu gari si lake, anamwendeshea mwenye gari kwa hesabu ya siku. Bi Mshahara, nakuuliza: barua ya kukata ilikwenda kwa mwajiri ikiwa imeandikwa na nani? Na mwenye daladala anaweza kuandikiwa kama mwajiri?

Bi_Mshahara

Yangu iliandikwa mahkamani ikagongwa muhuri, nakala moja ya mwajiri, moja ya jalada, moja yangu. Usitoke pale bila ya nakala yako, na kabla hujatoka hakikisha jina lake limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho. La mwenye daladala msaidizi wa sheria atujibu.

Msaidizi_Sheria_Kaskazini

Muombe kadhi amwite mwenye gari aeleze hesabu ya siku ni ngapi na dereva anabakiwa na kiasi gani. Hapo ndipo pa kuanzia. Ukienda Jumatatu niandikie kwa siri shehia yako, niangalie nani yuko karibu wa kufuatana nawe.